Kidole cha Pete, Mkono wa Kushoto

Mwaka jana nilinunua kinanda cha umeme nikakiweka sebuleni, hapa Same mjini, ambako upepo wa mchana huingiza vumbi ndani hata dirisha likiwa limefungwa. Niliwaambia majirani kwamba narudia kitu nilichokiacha utotoni. Mtu akifika umri wangu hujitafutia maneno mazuri ya kueleza upuuzi wake. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo kikuu anafuga kware. Mimi nikaamua kupiga kinanda. Kware wake angalau wanataga.

Nilielekezwa kwa binti mmoja anayepiga kinanda katika kanisa la hapa mjini. Ana miaka ishirini na minne, ni mpole, na ana tabia ya kuvua viatu mlangoni hata ukimwambia apite navyo. Alikubali kuja kila Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, vumbi likishatulia.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kinanda. Aliniketisha kwenye meza ya chakula, akaniambia niweke mikono yote miwili mezani, vidole vimejikunja kidogo kana kwamba nimeshika chungwa, kisha ninyanyue kidole kimoja kimoja huku vingine vimebaki chini. Mkono wa kulia ulinitii kwa shida. Wa kushoto ulianza vizuri: gumba, cha pili, cha kati. Nilipofika cha nne, kile cha pete, hakikutikisika. Nilikikazia macho. Nilikunja uso. Kilichonyanyuka ni bega.

“Kiache hicho, shangazi,” alisema bila kucheka. “Hicho hatukitumii.”

“Hatukitumii sisi akina nani?”

“Sisi wa mlimani. Kwani wewe si wa kwetu kule? Nimekusikia tu unavyoongea.” Akautaja usharika niliokulia, juu kabisa kwenye Milima ya Upare, mahali ambapo ukungu ukishuka hata mbuzi hukaa ndani. “Kidole cha pete cha kushoto hakigusi kinanda cha kanisa. Ni kidole cha agano. Mtu akifunga ndoa ndicho kinachovaa pete, kwa hiyo tunakipumzisha. Ni heshima.”

“Nani kasema?”

“Desturi ya zamani hiyo, shangazi. Tangu enzi za wamisionari.”

Desturi hiyo naifahamu kuliko mtu yeyote aliye hai. Niliianzisha mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya uvivu.

Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu yako hupuliza upepo na mikono yako huupa sauti. Aliyekitunza alikuwa mwalimu wa kwaya. Nitamwita Mwalimu tu, kwa kuwa kule juu ukisema Mwalimu hakuna anayeuliza yupi. Alinichagua nijifunze kwa sababu nilikuwa msikivu darasani, na kwa sababu watoto wengine walikimbia mapema zaidi.

Alikuwa na njia yake. Aliweka punje ya harage mgongoni mwa kiganja changu nami nikapanda na kushuka ngazi ya sauti, do hadi do. Harage likidondoka, naanza upya. Mkono wa kulia harage lilikaa. Wa kushoto lilidondoka kila nilipofika kidole cha nne, kwa sababu kidole hicho hakipendi kufanya kazi peke yake. Humvuta jirani yake wa kati, wakainuka wote wawili, na kiganja kikapinda kama paa lililopigwa na upepo. Mwalimu hakunipiga wala kunifokea. Aliinama akaliokota harage, akalifuta kwenye suruali, akalirudisha mahali pake. “Anza upya.” Ningependa zaidi anipige.

Kisha siku moja nikikata majani ya ng'ombe, mundu ulinipitia kwenye kidole hichohicho. Hapo sikudanganya, damu ilikuwa ya kweli. Zahanati walinifunga bandeji, nikapewa wiki mbili za kupumzika, na zilikuwa wiki tamu kuliko zote za mwaka ule. Zilipokwisha, jeraha lilikuwa limefunga. Nilijifunga bandeji ileile kwa mkono wangu na meno yangu, nikaenda kanisani, nikamwambia Mwalimu kwamba muuguzi amesema mshipa umekatika na kidole hakitanyanyuka tena maisha yangu yote.

Nilipanga kwamba atasema basi, pole, nenda kachezee huko. Hilo tu ndilo nililotaka.

Mwalimu alikaa kwenye benchi la kinanda akaitazama ile bandeji kwa muda. Nikaanza kulia, kwa aibu, naye akadhani ni maumivu. “Usilie,” alisema. “Umebaki na tisa. Tutazunguka.”

Masika yale yote, kila jioni akishakamua ng'ombe, alikaa na kitabu cha nyimbo akaandika upya namba za vidole, zile zinazoonyesha kidole kipi kipige sauti ipi, kwa wino mwekundu, wimbo mmoja baada ya mwingine, kitabu kizima, mkono wa kushoto bila kidole cha nne. Kwetu mkono wa kushoto ulibeba sauti ya nne peke yake, ile nzito ya wanaume. Wimbo uliposhuka fa, mi, re, do, ilipasa kidole cha tatu kipige mi, kiinuke, kisha hichohicho kiwahi re. Katika mwinuko ule mdogo kinanda hunyamaza. Ni kimya kifupi, kama mtu anayemeza mate katikati ya neno. Mwalimu alivitafuta vimya hivyo kimoja kimoja, akavipunguza alivyoweza, na vilivyobaki akaviacha.

Aliponikabidhi kitabu kile nilielewa kwamba sasa sina njia. Nilipiga kwa vidole tisa kwa miaka mitatu. Nilisifiwa. Akina mama walinionyesha watoto wao: mtazameni yule, na ulemavu wake. Baadaye nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, kisha Dar es Salaam, ambako, hadi nilipohamia hapa Same, niliishi kwa kuandika makala zinazowasema watu wengine kwa unafiki wao.

Kitabu kilibaki. Waliokuja nyuma yangu walifundishwa kutoka humo, wakayanakili yale mekundu kama yalivyo, na kwetu mtu akikabidhiwa kitu na Mwalimu hakirekebishi. Hakuna kati yao aliyeambiwa habari za mundu; labda Mwalimu aliona si heshima kunitangaza, na wale walionijua walishazeeka wakasahau. Watoto wakauliza kwa nini kidole kile kinarukwa, watu wazima wakatafuta jibu, wakapata jibu zuri kuliko ukweli.

Na huyu hapa sasa, ameketi kwenye meza yangu ya chakula, ananifundisha uongo wangu mwenyewe kwa upole mkubwa. Kidole chake cha nne kilikuwa kimelala pembeni, kimenyooka. Changu pia. Niliudanganya usharika mzima kwamba kidole hakinyanyuki, na kidole chenyewe kikaamini.

Ningeweza kuishi na hilo. Nimeishi na makubwa zaidi. Lakini wiki ya tatu, akivaa viatu vyake mlangoni, aliniambia kwamba angeomba tusogeze siku moja kwa sababu anajiandaa kwa usaili wa chuo cha muziki. Ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza walimkataa.

“Walisema nini?”

“Waliniambia nipige ngazi kwa mkono wa kushoto, vidole vyote vitano. Nikawaeleza desturi yetu. Mmoja akaandika kitu kwenye karatasi.” Alicheka kidogo. “Walisema sauti inakatika. Sasa nafanya mazoezi ya kuwahi. Nikiwahi sana haisikiki.”

Usaili ulikuwa baada ya wiki tano. Chuo hakiruhusu mtu kuomba mara ya tatu.

Kilichotakiwa pale ni sentensi moja. Badala yake nikasema, kwa sauti yangu ya semina, kwamba nimewahi kusoma mahali kuwa kidole cha nne kinaruhusiwa duniani kote.

“Hayo ya vitabu, shangazi,” alijibu. “Mimi nimefundishwa na Mwalimu. Nikirudi nyumbani nikakaa kwenye kile kinanda nikapiga na kidole hicho, yeye amekaa pale mbele, nitakuwa nimemwambia nini? Labda aseme yeye mwenyewe.”

Nilipaswa kupanda mlimani kesho yake. Sikupanda. Kulikuwa na makala ya kumalizia, kisha mvua, kisha gari lilihitaji matairi. Siku kumi na sita zilipita hivyo, nami nazijua kwa sababu nilizitumia zote kukifundisha kidole changu, kana kwamba kikinyanyuka nitakuwa sikudanganya.

Nilianza kwa nguvu, kama watu wote wajinga. Nilikikandamiza kwenye kinanda hadi mkono ukauma mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikakumbuka kwamba Mwalimu hakuwahi kusema neno nguvu. Alisema uzito. Nikaacha mkono ulegee, nikaulaza kwenye vidole vitatu vya kwanza, nikauhamishia cha nne polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala kutoka bega hili kwenda lile. Tatu, nne. Tatu, nne. Nne, tano. Siku ya nane kilibonyeza chenyewe, sauti ikatoka, dhaifu, kama mtu anayeitika akiwa chumba cha nyuma. Niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Sikuwa na haki ya kufurahi, lakini nilifurahi, na chai niliiunguza.

Siku ya kumi na saba nikapanda.

Mwalimu alikuwa nje ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Ana zaidi ya miaka themanini. Macho yamepungua, kwa hiyo anachambua kwa vidole: harage zima huku, lililotobolewa kule.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nani huyo?”

Nikamtajia baba yangu.

“Aa, binti wa kidole,” alisema, na uso wake ukafunguka. “Karibu, karibu. Kinakusumbua bado, wakati wa baridi?”

Nilikuwa nimeandaa utangulizi njia nzima. Ulianza na hali ya mtoto wa kike katika familia za milimani na ulikuwa na hoja tatu. Ulinitoka wote. Nilipiga magoti pale kwenye ungo, kwa sababu hapakuwa na kigoda kingine, nikamwambia: mshipa haukukatika. Muuguzi hakusema hivyo. Bandeji nilijifunga mwenyewe. Nilikuwa nimechoka na harage.

Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda. Kisha vikasimama.

“Kitabu kizima,” alisema.

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Niliandika kitabu kizima.”

“Ndiyo.”

Kuku walisogea wakaanza kudonoa ukingoni mwa ungo, naye hakuwafukuza. Nikamweleza kuhusu binti, usaili, na wiki mbili na nusu zilizobaki. Nikamwambia nitasimama Jumapili, wakati wa matangazo, niseme yote mbele ya usharika. Nilisema hivyo kwa ujasiri uliotokana na kutumaini kwamba atakataa.

“Usisimame,” alisema. “Wewe unatujua sisi Wapare. Ukisema mtoto alidanganya, hapo wameshapata kesi. Wataitisha kikao. Watauliza mundu ulikuwa wa nani, muuguzi alikuwa nani, kwa nini wazazi wako hawakujua. Mpaka kikao kiishe, huyo binti usaili umempita. Nikisema mimi nilikosea, watabadilisha vidole waende nyumbani wakale.”

“Lakini hukukosea, Mwalimu.”

“Nilikosea. Sikuifungua ile bandeji.” Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha hesabu. “Mwalimu hutazama mkono. Wewe ulilia, mimi nikaona vibaya kuutazama.” Kisha akanyoosha kiganja. “Lete huo mkono.”

Akauchukua, akapapasa kidole changu kutoka shina hadi ncha, akakuta kovu, jembamba kama uzi. Akakinyanyua, akakiachia. Akachagua harage zima kutoka kwenye ungo, akaliweka mgongoni mwa kiganja changu, akaubandika mkono wangu kwenye paja langu.

“Do.”

Nilipanda. Harage lilidondoka kwenye kidole cha nne. Alisikia likigonga ungo.

“Anza upya,” alisema.

Jumapili ile binti alikuwa amepanda kutoka Same; Mwalimu alikuwa amemwita apige. Nilikaa benchi la tatu. Wakati wa matangazo, baada ya habari za mnada wa mavuno na kikao cha akina mama, Mwalimu aliinuka, akashikilia kiti cha mbele, akasema kwamba namba za mkono wa kushoto alizoziandika zamani si sahihi. Kidole cha nne kitumike. Hakuna agano lolote linalovunjika. Kosa ni lake, na anaomba radhi kwa wote aliowafundisha.

Mzee mmoja nyuma yangu alimnong'oneza jirani yake: “Uzee huu. Ona unavyomfanya mtu ajisute bure.” Jirani akajibu: “Lakini amejishusha. Wangapi wanaweza?” Nilitazama mikono yangu. Mwalimu alikuwa ameniambia nisisimame, nami katika maisha yangu yote sijawahi kumtii haraka namna ile.

Binti akaanza kupiga. Nilimwona akisita, bega likipanda, kisha kidole kikashuka mahali pake. Sauti ya nne ilishuka fa, mi, re, do bila kukatika, laini, kama maji ya mfereji. Na hapo usharika mzima ukapotea. Kwa miaka yote hii walikuwa wamejifunza kuvuta pumzi pale kinanda kinaponyamaza, kati ya mi na re. Sasa hakikunyamaza, lakini wao walivuta pumzi palepale, mamia ya watu kwa pamoja, kinanda kikaenda zake, wakakifuata nyuma wakihangaika hadi mwisho wa ubeti. Ubeti wa pili vilevile. Watu walitazamana. Mchungaji alitabasamu akidhani ni ugeni wa kawaida. Mimi nilisikia ile pumzi na kuifahamu: ilikuwa yangu, nilikuwa nimeiweka kwenye vifua vyao, na kuna waliozikwa nayo.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye binti alipiga simu. Walimwambia apige ngazi kwa mkono wa kushoto, akapiga. Kidole cha nne bado kizito, walisema, lakini kinafundishika. Wamemchukua.

“Hongera sana,” nilisema.

“Ni Mwalimu, shangazi. Nimewaza sana. Mtu wa umri ule, kusimama kanisani kukubali kosa. Wangapi wana moyo huo?”

“Kweli,” nilisema. Neno hilo moja.

Siku hizi napanda mlimani kila Jumamosi. Mwalimu ameniagiza niandike kitabu upya, kwa wino wa bluu ili kisichanganywe na kile, na ameweka sharti moja: siruhusiwi kuandika namba ya kidole ambacho sijakipiga mwenyewe, yeye akisikiliza. Tuko mbali na katikati. Wimbo mmoja huweza kutula asubuhi nzima, kwa sababu kidole changu hupata baridi na hukumbuka uongo wake. Harage linakaa mara nne kati ya tano. Mara ya tano analiokota kwa kupapasa, kwa kuwa macho hayaoni tena sakafu, nami siruhusiwi kumsaidia.

Usharika bado unapumua kati ya mi na re. Mwalimu anasema itachukua muda mrefu kuliko wangu na wake.

Nimeyaandika haya bila jina la mtu, kama kawaida ya waoga wenye elimu, na Mwalimu, niliyemwomba ruhusa, alisema sasa hakuna haraka ya usaili, niseme nitakavyo. Kabla hayajaenda kwa mchapaji nitamtumia binti, huko chuoni. Majina hayamo, lakini akifika kwenye kidole atajua ni cha nani.